Verlin Stroud Aiacha Kaunta ya Risasi

Verlin Stroud anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na minne kwenye kaunta ya risasi ya duka la Haugland, hapa mjini Lander. Wiki chache tu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu! Ningependa kuandika kwamba tunafurahi kwa ajili yake. Hatufurahi, na sioni sababu ya kujifanya.

Alikuja kwetu machimbo alikokuwa akifanya kazi yalipofungwa, akapewa kazi ya kufagia uwanja wa shabaha nyuma ya duka. Haikuchukua muda Doreen Haugland, mwenye duka, akaona wateja wanamfuata mfagiaji kwa ushauri na kumwacha muuzaji. Akampa kaunta.

Asiyemjua Verlin angedhani hataki kuuza. Mtu anaingia kifua mbele na bunduki mpya ya magnamu, ile ya risasi zenye baruti nyingi, anataka risasi nzito kuliko zote, za kasi kuliko zote. Verlin anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwambia, "Sawa kaka, lakini bunduki yako haisomi matangazo." Anampeleka uwanjani na aina tatu za risasi, anaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, anapiga taratibu huku akisubiri mtutu upoe. Aina iliyokusanya matundu pamoja zaidi kwenye karatasi ya shabaha ndiyo aliyouza, na mara nyingi ilikuwa ile ya bei nafuu. Kisha alitia saini kwenye karatasi hiyo, na ubishi ukaishia hapo. Skrubu za darubini ya bunduki alizikaza mwenyewe, maana teke la magnamu, ule msukumo wa kurudi nyuma inapopigwa, hulegeza kila kitu. Wenye bastola aliwauzia mpini wa raba wa kupunguza teke kwanza, risasi baadaye.

Mchungaji wetu wa Kilutheri aliwahi kurudishwa naye nyumbani akalete vikinga masikio. "Mchungaji, ukiwa kiziwi, utasikiaje watu wakikoroma kwenye mahubiri?"

Anayeogopa teke hushtuka kabla ya mlio, na mtutu huinama. Ili kumnasa, Verlin aliijaza bastola mwenyewe, mpigaji asione, akiacha matundu mawili ya silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, bila kitu. Kwenye tundu tupu hakuna mlio, na hapo mkono hujisema wenyewe. Uwanja mzima hucheka, aliyenaswa naye hucheka, anafundishwa upya. Ndiyo desturi yetu.

Septemba iliyopita, tulipokuwa tukirekebisha ulengaji wa bunduki zetu kabla ya msimu, Doreen alisema leo ni zamu ya mwalimu. Akaijaza bastola ya Verlin. Risasi mbili za kwanza zilikwenda katikati. Tundu la tatu lilikuwa tupu, na mtutu ukashuka upana wa kiganja. Tulicheka sana, tukidhani anatutania. Yeye aliifungua bastola, akaiweka mezani, akasema, "Basi, jamani."

Mateke ya miaka yote hiyo yalikuwa yamemwingia mwilini, naye sasa alishtuka kabla ya mlio kama wanafunzi wake. Majira yote ya baridi alijaribu kuyatoa, kwa risasi nyepesi, kwa bastola tupu. Wapi!

Doreen alimsihi abaki kaunta, ashauri tu, wengine wapige. "Nimwambie mtu risasi hii inafaa, kaijaribu nani?" alijibu. "Risasi ikienda kando, Doreen, mnyama anakwenda kufa msituni na maumivu yake. Siwezi." Tunajua angemwambia hivyo hivyo mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana inatuuma.

Asante, Verlin, kwa kila mtu uliyemkataza kununua alichotaka ukampa kinachomfaa. Wewe na mkeo Marva tunawatakia mapumziko mema, afya, na samaki wengi mtoni. Ila msimu ukifunguliwa usijifungie nyumbani, tafadhali. Njoo unywe kahawa nasi. Hakuna atakayekuomba upige hata risasi moja.