Mzee Msellem na Mzunguko Mmoja Kabla ya Kutua

"Mpe Mpemba mkarafuu, ataupanda hadi kileleni, mpe ndege, ataogopa kutua." Hayo yaliandikwa gazetini mwezi uliopita na bwana mmoja wa Unguja aliyejificha nyuma ya jina la Mpenda Ukweli. Alikuwa akimsema Ngwali Silima, kijana wetu wa Makangale anayesomea urubani Nairobi, ambaye ameanguka mtihani wa leseni ya kuchukua abiria. Bwana huyo ameupenda ukweli nusu. Nusu ya pili iko kwenye kiwanja cha ndege cha Chake Chake, kwa msimamizi wake, Mzee Msellem Ahmada, anayestaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1962 baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi.

Mzee Msellem aliajiriwa mwaka 1933 kukata majani. Kiwanja chenyewe wakati huo kilikuwa malisho zaidi kuliko kiwanja, na kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kufukuza ng'ombe wa watu na kusikiliza matusi ya wenye ng'ombe. Baadaye alipewa ulinzi, kisha vipimo vya mvua na upepo, na mwisho kiwanja kizima. Hakupata kusoma zaidi ya chuo cha Kurani na miaka mitatu ya skuli, lakini daftari lake la hali ya hewa halina siku hata moja iliyorukwa, Idi zote zikiwemo.

Katika miaka hiyo yote amepanda ndege mara moja tu, mwaka 1959, rubani mmoja alipomzungusha juu ya Gombani, jirani na kiwanja, kwa kumshukuru. Sisi wafanyakazi wenzake wa kiwanjani tulimngoja chini atusimulie mawingu. Aliposhuka alisema bati la ofisi limeota kutu upande wa nyuma, tena akauliza ni nani aliyekuwa zamu ya kulipaka rangi. Mwenye zamu yupo, anasoma haya, na bati bado lina kutu.

Lakini jambo lililomjengea jina ni lile la mwaka 1957. Karafuu zilizaa mno, na watu wakakosa pa kuanika. Pembezoni mwa kiwanja pana jua tangu asubuhi hadi magharibi, basi majamvi yakaanza kutandazwa, kwanza ukingoni, halafu ndani kabisa, mpaka mwanzo wa njia ya kutulia ndege ukawa wa hudhurungi. Afisa mmoja akaamuru wenye majamvi wapelekwe mahakamani. Mzee Msellem aliomba siku mbili. Alikwenda kwanza kwa Bi Kazija, aliyekuwa na majamvi mengi kuliko wote na ulimi mrefu kuliko majamvi yake. Bibi huyo alimpokea hivi: "Weye Msellem, ndege ina mabawa, karafuu zangu hazina. Nani wa kumngoja mwenziwe?"

Mzee Msellem alikiri kwamba ndege ndiyo ya kungoja, ila kidogo tu. Akapatana na Bi Kazija, kisha na marubani: ndege ikifika, izunguke mara moja juu ya kiwanja; wanawake wakunje majamvi; yeye akiinua kitambaa cheupe, ndege itue. Tangu msimu ule hakuna aliyeumia, hakuna aliyeshitakiwa. Huo ndio utawala. Wako wenye digrii wasioweza hata nusu yake.

Ngwali aliletwa kwetu mwaka 1958 kupakua mizigo, akiwa ametoka skuli na hesabu nzuri. Aliuliza maswali mengi kupita kiasi, na Mzee Msellem hakumnyamazisha. Alimfundisha kujua upepo kwa moshi wa makonyo ya karafuu, yale mabua yanayobaki na kuchomwa, siku ambazo ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulikuwa umechanika. Alimfundisha kutofautisha wingu la mvua na wingu la majivuno, kama alivyoliita. Alimwombea vitabu kwa kila rubani aliyetua. Na alimfundisha kwamba asitue kabla ya kuzunguka mara moja. Mwaka 1960 Ngwali akapata nafasi Nairobi, kwa gharama za kamati ya masomo. Alirusha ndege peke yake kabla ya wenzake wengi, na karatasi zote za hesabu, ramani na hali ya hewa alipasi.

Sasa tuje kwenye huo mtihani. Mwezi wa Machi, mtahini akiwa kando yake, Ngwali aliamriwa kutua moja kwa moja kwenye kiwanja kidogo cha shamba. Mwanzo wa njia palikuwa pamefukiwa mashimo kwa udongo mpya, na kutoka juu pakaonekana mabaka ya hudhurungi. Ngwali akazunguka mara moja, ndipo akatua, na kutua kwenyewe hakukuwa na dosari. Alipoulizwa kwa nini hakutii, alijibu: "Nilikuwa nawapa nafasi wakunje majamvi." Mtahini hakuelewa. Aliandika kwamba mwanafunzi anasitasita, akamwangusha.

Hatutaficha kosa. Amri ya mtahini ni amri, na kijana alipaswa kumwambia anachokiona. Lakini ule haukuwa woga. Ni mazoea ya mtu aliyelelewa kudhani kwamba chini pana watu. Msafiri gani, ndugu Mpenda Ukweli, asiyetaka rubani wa namna hiyo?

Habari zilipofika, Mzee Msellem hakulaumu mtu. Aliomba karatasi ofisini, akamwandikia mtahini maneno machache, nasi tuliyaona kabla ya kufungwa bahasha: "Mzunguko ule niliufundisha mimi, na sikumwambia kwamba ni wa Pemba tu. Ikiwa pana kosa, liandikwe kwa jina langu." Katika miaka ishirini na tisa hatukusoma barua ya kiofisi yenye heshima kuliko hiyo.

Mzee wetu, umekiacha kiwanja kizuri kuliko ulivyokikuta, na umetuacha sisi na adabu kidogo. Mola akupe afya, shamba lako lizae, na mkeo Bi Mwanabaraka akuvumilie sasa utakaposhinda nyumbani ukikagua bati lake.

Na nyinyi mabwana wa kamati ya masomo, mtakaokutana Alkhamisi tarehe 21 Juni kuamua kama Ngwali arudishwe nyumbani: wanafunzi wengine wa skuli ile ya urubani huruhusiwa kurudia mtihani, na mtahini mwenyewe hajapinga. Kinachokosekana ni sahihi zenu. Tieni sahihi. Kisha leteni jibu hapa kiwanjani kabla ya tarehe 30, Mzee Msellem alisome akiwa bado kazini.