Bi Birika na Benchi Lililokuwa Stoo

Baada ya miaka ishirini na sita jikoni, mpishi wetu anastaafu Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi. Jina lake liko kwenye karatasi za ofisi, lakini hapa kiwandani hakuna anayelitumia. Wote tunamwita Bi Birika, kwa sababu ya lile birika la bati lenye mpini uliofungwa kitambaa, ambalo sijawahi kulikuta limepoa. Kamati imenipa mimi, msimamizi wa ukumbi wa kushona, kazi ya kuandika habari zake. Kwa nini mimi, sijui. Labda wamenipa heshima, labda wamenipa adhabu.

Alianza wakati kiwanda kina cherehani chache na jiko la mkaa nje, chini ya mabati. Amepikia watu waliofika na njaa, watu waliofika na hasira, na mimi niliyefika na vyote viwili. Alipofiwa na mumewe alimtuma dada yake aje aangalie moto. Anajua nani hali chumvi na nani anajiongezea kwa siri. Ukilalamika kuwa maharage ni magumu, anakuuliza umeyatafuna au umeyatazama tu.

Sasa habari ya birika. Wanawake wa ukumbi wangu walikuwa wakitoka mmoja mmoja saa za kazi, wanaingia jikoni, wanakaa kwenye benchi karibu na jiko na kushika kikombe cha buluu. Halafu wanarudi kushona kama kawaida. Nikajua kuna njama. Nikaenda nikafunua birika, nikakuta tangawizi na mdalasini. Nikauliza chai hii ni ya nani. Bi Birika akanijibu huku anamenya vitunguu, "Ya wanaoumwa." Wanaumwa nini, kila wiki mtu mwingine? Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia, asipaone. "Baba, nenda kazini."

Nikatoa amri, na kweli niliiona ni amri ya haki: chai iwe ya wote au isiwepo, na benchi liende stoo. Ikawa ya wote. Mafundi wa mashine wakawahi, maana mmoja wao alitangaza kuwa ile chai inatia nguvu mgongoni. Waliokuja na maumivu yao wakawa wanakuta maganda ya tangawizi. Fundi akinyoosha kikombe, mshonaji mmoja anamuuliza, "Shemeji, na wewe tarehe zimefika?" Ukumbi mzima unacheka. Fundi anacheka. Na mimi nacheka, sijui tunacheka nini.

Hapa ndipo ninapotaka kuomba radhi, na maneno yenyewe yananipotea. Namlea binti yangu peke yangu tangu mama yake afariki. Alipokua kidogo akaanza kujikunja kitandani, ameshika tumbo, hataki kula, hataki shule. Nikamnunulia dawa ya minyoo. Mwezi uliofuata hali ikawa ile ile, nikanunua nyingine yenye nguvu zaidi. Safari ya tatu nikaenda jikoni kumlilia Bi Birika kwamba mtoto wangu ana minyoo sugu, inaamka kila mwezi.

Kulikuwa na wanawake wanachambua mchele. Wote wakainamia ungo. Bi Birika hakucheka. Alipunguza moto, akasema, "Kila mwezi, baba?" Nikasema ndiyo, kila mwezi. Akaniacha nisikie mwenyewe nilichosema.

Kisha akanielekeza, mimi macho kwenye sufuria. Mtoto ale mboga za majani, maharage, mayai na matunda, anywe maji ya kutosha. Siku zikikaribia apunguze chumvi na vya kukaanga. Chai ya rangi asiinywe pamoja na chakula, inazuia ile mboga isimuongezee damu vizuri. Tangawizi ichemshwe na mdalasini kidogo, na chupa ya maji ya moto izungushiwe taulo, iwekwe tumboni. Halafu akaninyooshea mwiko: damu ikiwa nyingi mpaka anabadilisha kila saa, au akizimia, au akishindwa kusimama kwa maumivu, "usiniletee mimi, mpeleke hospitali. Mimi napika." Zamani aliletewa mizizi michungu na mtu aliyeapa kuwa inamaliza kila tatizo la wanawake. Mshonaji mmoja aliinywa akatapika siku nzima. Tangu hapo, kitu ambacho hawezi kukitia kwenye chakula hakikai jikoni kwake.

Nikamuuliza, katika yote hayo, hasa kinachosaidia ni kipi. Akasema hajui. Labda tangawizi, labda joto, labda ni kule kukaa kidogo bila mtu kukuuliza umekaa kwa nini. Nilichanganyikiwa zaidi. Nilikuja kutafuta dawa, nikaambiwa habari ya kukaa, na benchi nimelifungia stoo mwenyewe.

Binti yangu siku hizi anajichemshia, na shule hakosi. Lakini benchi sikulirudisha. Niliona aibu kufuta amri yangu mbele za watu. Nikasema wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikawa miaka. Wanawake wakakalia magunia ya mchele, na mimi nikawa sipiti upande ule.

Mwezi uliopita tukaambiwa chakula kitaletwa na kampuni kutoka nje, na moto jikoni utazimwa. Wanawake wakaniuliza birika litakwenda wapi. Walikuwa wanauliza wao watakwenda wapi. Basi nikaingia ofisini kwa bosi kuomba tuachiwe jiko dogo la chai, nikatamka neno hedhi mezani kwa mtu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Bosi akageukia dirishani, akasema "sawa, sawa" kabla sijafika mbali. Sijui alikubali au alitaka nitoke. Nimechukulia kuwa alikubali.

Kwa hiyo jiko dogo linabaki, birika linabaki, kikombe cha buluu kinarudi kwa wenyewe, na mafundi wa mashine watafute chai yao. Benchi nimelitoa stoo, nimelipiga msasa. Nilipomwonyesha Bi Birika alilikandamiza kwa kiganja, akasema, "Linayumba." Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Nimelipeleka kwa seremala.

Mama, kwa niaba ya wote uliowalisha na wote uliowapozea maumivu, asante. Uende ukapumzike, miguu yako ipone, na upikiwe na wewe. Ijumaa, kabla ya hotuba, benchi litakuwa pale pale karibu na jiko. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kukuona umekaa, kwa hiyo tunakuomba ulikalie wewe kwanza. Chai nitachemsha mimi. Tangawizi ikizidi, utaniambia.