Usumbufu Kidogo wa Tumbo

Fundi cherehani alikuwa akisinzia ndani ya basi mpaka aliposikia neno "kutapika." Usingizi ukamruka. Kiti cha mbele, mwanamke mwenye faili mapajani alikuwa akimweleza muuguzi aliyekaa naye kwamba anakwenda kwa wakili, kuwashtaki watengenezaji wa sindano ya kupunguza unene.

"Tumbo limegoma, dada. Maharage ya juzi yamerudi leo asubuhi, mazima, kama vile hatujawahi kujuana."

"Karatasi ya maelezo hukuisoma?"

"Niliisoma. Imeandikwa 'usumbufu kidogo wa tumbo.' Nililazwa wiki mbili na dripu. Huo ndio kidogo?"

"Hapo wana kesi ya kujibu," muuguzi alisema. "Sindano uliacha lini?"

Mwanamke akalifunga faili taratibu. "Harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi."

Fundi akakipima kile kiuno kwa macho. Gauni lake la kuvaa harusini lingerudi kwa fundi kupunguzwa kabla ya Ijumaa.

"Na wakili wako anajua bado unachoma?" muuguzi aliuliza.

"Anajua vizuri sana. Jana kaniomba namba ya anayeniuzia."

Basi likasimama mbele ya ofisi za mawakili, mwanamke akashuka, mkono mmoja kwenye faili, mwingine mdomoni.