Tangawizi ya Bibi Pang

Ndani ya basi la Guangzhou bibi mmoja alikuwa anawachamba Wamarekani tangu nilipopanda. "Wanatupandishia ushuru, halafu wezi ni sisi! Mimi Pang Xiulan sinunui chao tena!"

Binti aliyekaa naye akacheka. "Na sisi si tunawanyima madini yetu adimu, bibi? Ngoma droo."

"Kibaraka we!"

Binti akachungulia kikapu cha bibi: tangawizi tupu, ya kumpikia mzazi supu mwezi mzima, kama desturi ya Guangzhou. "Hee, hongera! Nani kajifungua?"

"Mwanangu. Yuko California."

Basi zima likamgeukia bibi. Mimi nilisahau hata kufunga mdomo.

Tukasimama mbele ya ubalozi mdogo wa Marekani. Bibi akainuka, akamshika binti mkono. "Eti binti, kwenye usaili wa viza wataniruhusu kuingia na tangawizi?"