Bi Mizani na Gramu Zilizopotea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kupewa nishani wala kupigwa picha na wakubwa. Ungempita barabarani ungedhani ni mwalimu anayewahi kipindi. Ofisini, madukani na hata kwao nyumbani walimwita Bi Mizani. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Bi Mizani, mkaguzi wa vipimo na mizani.

Mkaguzi wa mizani anafanya nini? Ukiuziwa kilo ya sukari, yeye ndiye anayehakikisha kuwa ni kilo. Kopo likiandikwa gramu mia nne, yeye ndiye anayeuliza: zimo kweli? Bi Mizani alizunguka na mizani yake ndani ya sanduku la mbao, imeviringishwa kitambaa laini kama mtoto wa siku tatu. Kumsaidia kulibeba sanduku hilo ilikuwa marufuku. Mdogo wake, ambaye tulimtembelea wiki hii, anacheka akikumbuka. "Ungeweza kumbebea mkoba, ungeweza kumbebea mwavuli," anasema. "Lile sanduku ukiligusa tu, anakuangalia mpaka unajisikia mwizi."

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Akaingia duka moja la vifaa vya usafi, ukaguzi wa kawaida tu. Kwenye rafu kulikuwa na vile vidude vya kutia choo harufu nzuri, vya kijani, laini, vinatikisika ukivigusa. Pakiti imeandikwa gramu mia na hamsini. Akapima cha kwanza: mia na thelathini na moja. Cha pili: mia na ishirini na tisa. Akaingiza mkono nyuma kabisa ya rafu, akatoa kimoja chenye vumbi. Mia na kumi na nane.

Akaifunga rafu kwa utepe. Mwenye duka, bwana mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, akaapa mbingu na ardhi.

"Bibi, mimi nauza kama nilivyoletewa! Sijafungua hata kimoja!"

"Mizani haina shemeji," Bi Mizani akamjibu, akaendelea kuandika.

Siku mbili baadaye akaja mwenye kiwanda na madaftari yake ya hesabu za ufungashaji. Kila pakiti ilitoka kiwandani na gramu mia na hamsini kamili. Mwenye duka anaapa, mwenye kiwanda anaapa, na gramu hazipo. Mwingine angewaadhibu wote wawili akaenda kunywa chai yake. Bi Mizani alinunua vidude viwili vipya. Kimoja akakitia kwenye chupa ya kioo, akakaza kifuniko. Cha pili akakiweka wazi kwenye dirisha la ofisi. Kila asubuhi akavipima vyote viwili.

Baada ya siku thelathini, kile cha kwenye chupa kilikuwa na gramu zake mia na hamsini. Kile cha dirishani kilibaki na hamsini na nane. Hakuna mtu aliyekigusa. Hakuna panya aliyekitafuna.

Akarudi dukani. Hakutuma barua, alikwenda mwenyewe, saa ya wateja wengi, akasema mbele yao wote: "Nilikusingizia. Naomba radhi." Mwenye duka alishangaa hadi sauti ikapungua. Akauliza, "Sasa mwizi ni nani?"

"Hewa," akasema Bi Mizani. "Karatasi waliyofungia haizuii. Vitu vinapotelea hewani."

"Basi mkamateni!"

Duka zima likaangua kicheko, naye akacheka. Lakini wasikilizaji wapendwa, yule mama aliondoka pale na swali ambalo halikumwachia nafasi tena. Kama zile gramu zimekwenda hewani, na hewa ndiyo tunayovuta, basi zimeishia wapi?

Akamuuliza mkuu wake wa kazi. Mkuu akasema, "Sisi tunapima kilichomo ndani ya kopo. Kilichotoka si chetu." Akaenda ofisi ya afya, wakamwambia ni suala la mazingira. Akaenda mazingira, wakamwambia wao wanashughulika na magari na viwanda, vitu vyenye bomba la moshi. Bafu la mtu halina bomba la moshi. Akapigwa danadana hivyo kwa mwaka mzima.

Aliyemsikiliza mwishowe alikuwa mkemia mmoja wa ofisi hiyo hiyo ya mazingira, bwana mkimya, mwenye mashine ya kupima hewa juu ya paa. Naye alikuwa na fumbo lake. Sikukuu, magari yakipungua, utando wa kijivu juu ya mji haukupungua kama alivyotarajia. Bi Mizani akamwonyesha daftari lake la gramu. Mkemia akalisoma akiwa amesimama, halafu akatafuta kiti.

Akamweleza hivi, nami nawaeleza kama alivyomweleza. Marashi, dawa ya kupuliza nywele, dawa ya kung'arishia sakafu, ya kufutia rangi ya kucha, vyote vina vitu vinavyoruka. Vikiruka, unavivuta wewe kwanza, humo humo chumbani. Vinavyobaki vinatoka dirishani, vinakutana na moshi wa magari, halafu jua linavipika pamoja. Ule utando unaowasha macho na kubana kifua, sehemu yake imetoka bafuni kwako. Nasema tena: sehemu yake imetoka bafuni kwako.

Basi Bi Mizani akawa hapitwi na chupa. Alimimina kila kitu kwenye kisahani, akapima, akasubiri, akapima tena. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ilikwisha kisahanini kabla hajamaliza kusoma barua za asubuhi. Nyumbani walimtania kwamba mgeni akija hakaribishwi chai, anapimwa. Yeye mwenyewe hakujipaka chochote chenye harufu, asije akaharibu vipimo. Sabuni ya kipande, basi.

Sasa nifike kwa mdogo wake, maana hapa ndipo penye uchungu.

Mdogo wake alikuwa na saluni. Chumba kimoja, vioo vinne, dirisha moja linalofunguka nusu. Na alikuwa na dawa yake ya kupuliza nywele aliyoichanganya kwa mikono yake. Nywele zikipulizwa Ijumaa, Jumatatu ziko vile vile. Mabibi harusi walipanga foleni. Maduka saba yaliiuza. Kwa dawa hiyo aliijenga upya nyumba ya wazazi wao na kumsomesha binti yake, ambaye alipomaliza shule akaingia kazini hapo hapo kwa mama.

Binti huyo ndiye aliyekuwa akipuliza. Kila Jumamosi jioni kifua chake kilipiga mluzi. Mama akasema ni vumbi. Kisha akasema ni mafua. Bi Mizani, ambaye kwa binti ni mama mkubwa, akamsikiliza kifua akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akamwomba mdogo wake: niache nipime chupa zako, Jumamosi moja tu. Mdogo akakubali. Alidhani ni kwa ajili ya mtoto.

Asubuhi akapima chupa zote. Jioni akazipima tena. Zilikuwa zimepungua kilo tatu na robo. Mkemia akapiga hesabu: karibu kilo mbili na robo tatu za vitu vinavyoruka zilikuwa zimemwagika kwenye hewa ya chumba kile chenye dirisha nusu, na binti akiwa amesimama katikati yake tangu asubuhi.

"Mama mkubwa aliniambia nitoke pale," binti anasimulia. "Nikamwambia siwezi kumwacha mama peke yake. Akalifunga daftari lake. Nikajua hapo anawaza kitu."

Alichokuwa anawaza ni kanuni. Kwa miaka minane yeye na mkemia walikuwa wakiandika, wakikataliwa, wakiandika upya. Waliomba jambo moja: bidhaa za nyumbani na za kujipamba ziwekewe kikomo. Dawa ya nywele, kwa mfano, vitu vinavyoruka visizidi asilimia sitini. Hatimaye kikaitwa kikao cha wazi. Watengenezaji wakajaa ukumbini, wakubwa kwa wadogo. Mstari wa tano aliketi mdogo wake, kwa kuwa naye alikuwa mtengenezaji.

Msemaji wa viwanda, kijana mtanashati, akasimama. "Kopo moja la marashi ni kitu gani mbele ya lori la mizigo?"

"Haba na haba hujaza kibaba," Bi Mizani akajibu. "Na kibaba kukipima ndiyo kazi yangu."

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. Akauliza taratibu, "Na ile dawa ya saluni ya mdogo wako? Au hiyo haina haba?"

Watu wakageuka kumtazama mdogo wake. Bi Mizani akafungua daftari. Hakugeuka nyuma. "Nimeipima," akasema. "Asilimia themanini na nne. Ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu."

Wasikilizaji wapendwa, kanuni ilipita. Wengi wanasema ilipita kwa sababu ya sentensi ile. Lakini mdogo wake alinyanyuka mstari wa tano, akachukua mkoba wake, akatoka.

"Nilimfungulia mlango kama dada," alituambia wiki hii. "Akaingia kama mkaguzi. Angeniambia jana yake. Neno moja tu! Nijiandae, nisiaibike mbele za watu."

Tukamuuliza binti. Yeye anampenda mama mkubwa wake kupita kiasi, lakini hakumtetea. "Alikosea," akasema. "Kupima hakukosea. Kunyamaza alikosea. Na alijua."

Dawa ikaondolewa kwenye maduka saba. Dada na mdogo wake hawakusemezana kwa miaka miwili. Wakikutana msibani, mmoja anakaa huku, mwingine kule. Ila mdogo mtu si wa kukubali kushindwa kirahisi. Alirudi kwenye mabeseni yake. Akaongeza maji, kwa kuwa maji hayahesabiwi kwenye ile asilimia. Nywele zikalala kama zimenyeshewa. Akabadilisha gundi inayoshika nywele. Nywele zikawa kavu kama ufagio. Mara ishirini na sita alijaribu, wa kujaribiwa akiwa binti yake, na dirisha akalibomoa akaweka kubwa. Hilo la dirisha hakumwambia mtu sababu yake.

Siku moja akabeba chupa hadi ofisi ya vipimo. Aliyekuwa zamu nyuma ya meza ya kupokelea ni nani? Dada yake. Bi Mizani akachukua fomu. "Jina?"

"Hulijui jina langu?"

"Jina," akarudia, kalamu ikiwa juu ya fomu. Akaandika yote, hadi anwani ya nyumba ambamo wote wawili walizaliwa.

Majibu yakatoka asilimia sitini na mbili.

"Umezidisha mbili," akasema Bi Mizani.

"Mbili tu, dada!"

"Mbili."

Mdogo wake akaondoka akibamiza mlango. Miezi mitano baadaye akarudi. Jina, anwani, fomu. Safari hii majibu yakasoma hamsini na saba. Bi Mizani akagonga muhuri. Kisha akavua koti la kazi, akalitundika, akazunguka meza akaja upande wa wateja, akamshika mdogo wake mikono yote miwili. "Nisamehe kwa ile siku," akasema. "Nilijua nikikwambia utalia, na ukilia nitaifuta namba." Mdogo wake anasema walilia pale pale, na watu waliokuwa kwenye foleni wakajifanya wanasoma matangazo ukutani.

Kifua cha binti? Hakikupona chote, tusidanganyane. Lakini Jumamosi jioni hakipigi mluzi tena, na saluni ni yake sasa.

Mkemia anasema ule utando juu ya mji umepungua kidogo. Anapenda sana neno hilo, kidogo. Lakini nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Ni mara ngapi tunajua kasoro ya mtu wetu wa karibu, tukaisema ya jirani kwanza? Na tukiwa na ukweli wa kumwambia ndugu, je, tunampa japo siku moja ya kujiandaa?

Kwa niaba ya wote studioni, tunatoa pole kwa mdogo wake, kwa binti yake, kwa mkemia, na kwa wafanyakazi wa ofisi ya vipimo. Poleni sana. Amelala salama.

Mdogo wake ametuomba tuseme na hili, kisha tunyamaze. Kwa miaka yote ya kazi Bi Mizani hakuwahi kukalia kiti cha saluni ile, wala kupokea hata tone la ile dawa, maana mkaguzi hapokei kitu. Alipostaafu, mazoea yalikuwa yameshamkaa. Wiki mbili kabla ya kufariki, akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, alimwomba mdogo wake amtengeneze nywele. Mdogo wake akafungua madirisha yote. Akamchana polepole, akambana vizuri, akapuliza mara moja, kidogo sana, kisha akasita akimtazama usoni.

"Puliza tena," Bi Mizani akasema, amefumba macho. "Leo sipimi."