Mita Mia Mbili

Mpiga picha za ndege wa porini, ukimchokoza kuhusu lenzi za kamera, huongea mpaka mate yamkauke. Siku hiyo, ndani ya basi, abiria wa kando yake ndiye aliyemchokoza.

“Nunua ya milimita mia nne, inayotuliza mtikisiko wa mkono,” mpiga picha akamshauri. “Kaa kivulini, egemea ukuta, subiri. Hatajua kama upo.”

“Na uso, kaka? Kwa mita mia mbili?”

“Utahesabu kope. Kwani unamfuata ndege gani?”

“Si ndege,” jamaa akajibu kwa upole. “Ni mke wangu. Mahakama imenikataza kumsogelea.”

Basi likasimama. Jamaa akashukuru, akashuka. Maji yalishamwagika, tena mpiga picha kayamwaga mwenyewe.