Moffat Ngatia, Aliyelinda Meza ya Bwana

Mzee Moffat Ngatia alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 kwenye mteremko wa juu ya Othaya, kifungua mimba wa Wahome na Ngendo. Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1953 shule ilifungwa kwa sababu ya Hali ya Hatari, na masomo yake yakaishia hapo.

Alijifunza useremala Nairobi, na huko ndiko alikowakuta Walutheri. Mwaka 1966 alimwoa Wachuka wa Karatina. Alipoenda kumposa, alimwuliza amri ya sita, ile ya Usizini, kabla hajamwuliza jina. Wachuka akamjibu, "Kwanza wewe niambie kama uko na shamba." Shamba alikuwa nalo, dogo.

Mwaka 1971 alirudi nyumbani, akaanzisha usharika huu barazani pake, akawa mzee wa kanisa. Viti mnavyokalia alivitengeneza yeye. Kanisa letu ni dogo. Mchungaji ni mmoja, anazunguka Kiriaini, Karatina mpaka Embu. Asiye mchungaji haruhusiwi kuandaa Meza ya Bwana, na asiyeikiri imani yetu haikaribii. Marehemu alilisimamia hilo bila kupepesa macho. Hata dada yake Wacera, aliyeolewa kanisa lingine, alimrudisha kitini mbele ya watu wote. Walikaa miaka bila kusalimiana.

Agosti mwaka huu alipatikana na saratani ya umio. Chakula kilimshinda, kisha uji. Alitaka kitu kimoja tu, kushiriki Meza kabla koo halijafunga kabisa. Mvua hizi zikakata barabara, mchungaji akakwama ng'ambo ya mto. Ndipo Wacera akamleta mhubiri wa kwao, na mkate.

Wachuka alimsihi, "Baba Nyawira, kubali tu. Si Mungu ni yule yule?"

Akajibu kwa shida, "Nilimkatalia Wacera. Sasa nijikubalie mimi?"

Wacera alitoka nje akilia. Tulimkasirikia marehemu siku hiyo, tusifichane.

Mchungaji alifika Jumatano jioni kwa miguu, matope hadi magotini. Marehemu alikuwa macho, lakini kumeza hakuweza tena. Divai iliwekwa ulimini, ikatoka yote kidevuni, Wachuka akaipangusa kwa leso. Kama ilihesabika, hatujui, na inatuuma. Alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 20 Novemba 1997.

Ameacha mjane, Wachuka. Watoto, Nyawira na Ben. Dada yake Wacera. Na usharika usio na mzee. Mungu ampe nafasi mezani kwake. Meza ya huku ilimchelewea.